Chai ya Upepo

Mwanaima alikuwa ameinama juu ya chanja ya kuanikia akigeuza dagaa aliposikia jina la mumewe likitajwa, tena kwa sauti ya mtu anayetaka asikiwe na mwalo mzima. Na mwalo wa Katonga, pale mitumbwi inaposhusha samaki, asubuhi hauna siri. Ukikohoa upande huu, upande ule wanakupa pole.

"Amuri! Umenisikia, au nirudie?"

Aliyekuwa akisema ni Mzee Castory, mwenye mitumbwi ya dagaa, na sasa mwenye boti mpya ya abiria iliyopakwa bluu na nyeupe. Boti hiyo ilikuwa bado mbao tupu wakati Castory alipomwahidi Amuri usukani wake. Kila mtu pale alijua. Mwanaima mwenyewe alishaanza kuitwa mke wa nahodha, na alikuwa akiitika vizuri tu.

Amuri alinyamaza kidogo, kama kawaida yake, halafu akasema, "Nimekusikia, Mzee."

"Basi hospitali wanasema husikii. Kipimo cha masikio umeanguka. Wenye kutoa vibali wanataka nahodha mwenye masikio mazima, sasa mimi nifanyeje? Nikawadanganye? Boti nampa Kurwa."

Kurwa, kijana wa injini, aliangalia vidole vyake vya miguu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefundishwa kazi na Amuri mwenyewe, na aibu ilimjaa usoni.

"Na kwenye wavu?" Amuri aliuliza.

"Kichwani mwa mtumbwi atakaa mwingine. Wewe utachota maji."

Kuna mtu alicheka. Kuchota maji yanayoingia mtumbwini ni kazi ya anayeanza, na Amuri ana mvi. Castory, ambaye naye hakufurahi na alitafuta mahali pa kutua mzigo wake, akageuka akamwona Mwanaima kwenye chanja.

"Tena msinilaumu mimi. Mkewe mwenyewe kila siku anatuambia hapa: mume wangu umwite leo, ataitika kesho. Au si maneno yako, mama?"

Yalikuwa maneno yake. Alikuwa ameyasema mara nyingi, watu wakavunjika mbavu, akayarudia kwa sababu yalipendwa. Sasa alishika dagaa mkononi akakosa pa kuwaweka. Amuri hakumtazama. Alichukua kopo la kuchotea maji akaenda mtumbwini.

Ni lazima nieleze huko kichwani mwa mtumbwi kuna nini, maana wewe msomaji huenda dagaa umewajua kwenye sahani tu. Wavuvi wakishawasha taa ili dagaa wakusanyike, mwanga unawapofua. Mbele hawaoni kitu, mawingu hawayaoni, milima ya Kongo ndiyo kabisa. Kinachobaki ni masikio. Basi mmoja hukaa kichwani, kazi yake kusikiliza. Upepo wa ziwa hili huvuma kwa mbali kabla haujafika, na yeye akiusikia huita: "Upepo!" Hapo taa zinazimwa, wavu unainuliwa kama ulivyo, watu wanakimbilia nchi kavu.

Lakini akiita na upepo usije? Dagaa wameshatawanyika, kazi imeharibika, watoto wa watu wote wale watakula ugali na chumvi. Siku hiyo aliyeita huwanunulia wenzake chai na mihogo, ndiyo inaitwa chai ya upepo, na utani wake unamfuata mpaka msikitini. Wapo walioitwa Redio kwa kutangaza yasiyokuwepo, wapo walioitwa Mama Mwoga, wakahamia kazi nyingine. Amuri alikaa kichwani miaka yote hiyo, na chai ya upepo hakuwahi kuinunua hata kikombe. Ndiyo ilikuwa sifa yake. Ni kweli kwamba mara nyingine wavu uliinuliwa mawimbi yakiwa yameshaanza kuwalowesha magoti, lakini nani anakumbuka hayo akishafika nyumbani?

*

Nyumbani kwao Rusimbi, Mwanaima alipika samaki wa mgebuka kwa mawese, chakula ambacho Amuri hakuwahi kukikataa. Siku hiyo alikula matonge mawili akanawa.

"Baba Shukrani, nilikuwa natania tu."

Kimya.

"Baba Shukrani!"

"Nimekusikia mara ya kwanza."

"Sasa kwa nini huitiki? Unaona? Ndiyo hayo hayo!" Mwanaima alikuwa amekuja kuomba radhi, na huyo ameshapandisha hasira. "Mtu nakuita mpaka majirani wanaitika, wewe umekaa!"

"Nyumba hii redio inaita, jirani anaita, kuku wanaita. Nikiitika kila sauti nitaonekana sina akili." Alijifuta mikono taratibu. Halafu akauliza kwa sauti ndogo ambayo Mwanaima hakuizoea: "Mama Shukrani, ni kweli sisikii? Wewe ndiye unayekaa nami. Sema."

Mwanaima alitaka kusema hapana. Akakumbuka mara zote alizoita na kurudia kuita, mlangoni, uani, kitandani. Akashindwa.

"Sijui, mume wangu," alisema. "Wallahi sijui."

Alilia akiosha vyombo, akiulaani mdomo wake. Maana mtu aliyezoea kukaa kichwani, ukimpa kopo la kuchotea maji, umemwambia akae angoje kuzeeka. Na hilo, kwa sehemu, alikuwa amelifanya yeye kwa ajili ya kuchekesha watu.

*

Wiki ile ile alifika mwaloni dada mmoja mwenye miwani, jina lake Ella. Alikuwa mtaalamu wa mashine za ubongo, na yeye na wenzake walikuwa wamepewa chumba mjini na wakubwa wa utafiti. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, yeye amezaliwa na kukulia Kasulu, kwa hiyo alisalimia kwa Kiha, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na bado hakupata mtu. Alitaka wavuvi. Alieleza kwamba wanachunguza jinsi ubongo unavyoamua: nimesikia, au sijasikia. Unavalishwa kofia yenye nyaya, unasikilizishwa milio, mashine inasoma umeme.

"Umeme wa kichwani?" mvuvi mmoja aliuliza.

"Ndiyo, baba. Kila mtu anao, mdogo sana. Hatuuingizi, tunausoma tu."

"Wanavuta akili hao," wakaambiana, wakaondoka mmoja mmoja kwa adabu, kila mtu akikumbuka kazi aliyoiacha.

Mwanaima akabaki.

"Mwanangu, hiyo mashine inaweza kujua kama mtu ni kiziwi?"

"Shikamoo, mama. Inaweza kuonyesha kama sauti imefika kwenye ubongo. Cheti cha hospitali hatutoi lakini."

"Marahaba. Cheti nani kakuomba? Mimi nataka kujua."

Kumshawishi Amuri ilikuwa kazi. Alisema ameshapimwa mara moja, akaaibishwa mbele ya watu. Apimwe tena aaibishwe na mashine? Mwanaima alimwambia, "Kama husikii, nitajifunza kukugusa bega badala ya kukuita. Kama unasikia, nitakwenda pale mwaloni nikayafute maneno yangu mbele ya wote. Ila tusikae hivi, Amuri. Hivi siwezi."

Ilikuwa mara chache sana kumwita kwa jina lake. Amuri akavaa kanzu wakaenda.

*

Chumba kilikuwa kidogo na cha baridi. Amuri alivuliwa kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, akavalishwa nyingine ya mpira yenye matundu, na katika kila tundu Ella alipenyeza ute wa baridi uliomchuruzika mpaka shingoni. Watu wawili wasiojulikana walichungulia dirishani wakacheka. Mwanaima alivuta pazia kwa nguvu mpaka likakaribia kung'oka.

"Baba, utasikia mvumo, kama injini na maji," Ella alisema. "Ndani ya mvumo, mara nyingine kutakuwa na mlio mdogo. Ukiusikia, bonyeza hapa. Usipousikia, usibonyeze."

Kazi ikaanza. Mwanaima alikaa pembeni akikitazama kidole cha mumewe. Kidole kilikaa. Kikakaa. Kikabonyeza mara moja, kikakaa tena. Kila kilipokaa moyo wake ulishuka. Ni kweli basi, aliwaza. Mwenyezi Mungu nisamehe, nilikuwa namtania mgonjwa.

Wakapumzika. Ella aliangalia kwenye kompyuta, akakunja uso. Akaja akakagua nyaya, akaongeza ute, akarudia kipimo chote. Akaangalia tena. Safari hii akavua miwani.

"Mama, njoo uone. Na wewe baba."

Kwenye kioo kulikuwa na mistari. Ella alieleza kwamba mashine imekusanya milio yote pamoja ikachora ubongo ulifanya nini. "Huu ni mstari wa wakati ambapo hapakuwa na mlio wowote. Umelala, mnaona? Huu ni wa milio aliyoibonyezea. Kuna kilima kidogo hapa, sauti imefika. Halafu kile kilima kikubwa, hapo ubongo unakusanya ushahidi: ndio, ndio, ndio. Kikifika juu, mkono unabonyeza." Akasogeza kidole. "Sasa huu ni wa milio ambayo hakuibonyezea."

Kilima kidogo kilikuwepo pale pale. Na kile kikubwa nacho kilikuwa kimeanza kupanda, kikapanda, kikakaribia juu, halafu kikashuka.

"Nilidhani mashine imeharibika," Ella alisema. "Baba, milio hii umeisikia. Mingi tu. Kwa nini hukubonyeza?"

Amuri alitazama kidole chake.

"Nilisikia kitu," alisema. "Sikuwa na hakika."

"Lakini nilikwambia ukisikia—"

"Mwanangu, mtu habonyezi kwa kudhani. Ukibonyeza bure?"

"Ukibonyeza bure hakuna kitu. Inaandikwa tu umebonyeza bure."

Mwanaima aliinuka ghafla mpaka kiti kikaanguka. "Chai ya upepo!" alipiga kelele. "Ee Mola wangu, huyu mwanamume kakaa humu ndani anaogopa kununua chai!"

Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka machozi, na Ella asiyejua lolote akabaki ameduwaa katikati ya wanandoa wawili, mmoja akicheka na kulia, mwingine amevaa kofia ya nyaya anatazama chini kwa haya. Ilibidi aelezwe yote: taa, wavu, upepo, majina ya utani. Alipoelewa, aliuliza, "Na kule hospitali ulifanya hivi hivi?"

"Sasa ningefanyaje?"

"Haya. Tunarudia. Lakini baba, humu ndani hakuna wavu. Hakuna dagaa. Chai nitanunua mimi. Ukihisi kama umesikia, bonyeza."

"Hata kama tu?"

"Hata kama tu."

Alianza kwa shida. Kidole kilinyemelea kitufe kama kinachotaka kuiba. Kisha kikabonyeza, kikabonyeza tena, mara nyingine bure kabisa, na kila alipokosea alimwangalia Mwanaima aone kama anacheka. Mwanaima hakucheka. Ella alisema sikio la kushoto limepungukiwa kidogo kwa milio myembamba, kelele za injini hizo, lakini mtu huyu si kiziwi hata kidogo. Akawaandikia jina la daktari wa masikio wa kumwendea ili apimwe upya, na akawasisitizia wamweleze namna Amuri alivyozoea kungoja. Daktari yule alipomaliza kipimo chake siku chache baadaye, alisema masikio yanafaa kwa kazi.

*

Basi hadithi ingeishia hapo kama Mzee Castory angekuwa mtu rahisi. Waliposimama mbele yake na majibu mkononi, na Mwanaima akayafuta maneno yake mbele ya chanja zote kama alivyoahidi, Castory alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo anasikia."

"Anasikia, Mzee," Mwanaima alisema.

"Anasikia, ananyamaza." Castory alikaa juu ya gunia. "Jamani, hiyo si mbaya zaidi? Kiziwi namhurumia. Huyu upepo anausikia, anangoja awe na hakika, na sisi magoti yameshalowa. Mnadhani sikumbuki? Wale walikuwa wavuvi, wanaume wanaojua kuogelea. Boti hii itabeba akina mama wenye watoto mgongoni. Binti yangu mwenyewe anapanda kwenda Sigunga. Nimpe nahodha anayengoja?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwanaima aliona mzee hakuwa amekosea. Alimgeukia mumewe. Uso wa Amuri ulikuwa wa mtu aliyepigwa mahali ambapo hakuwahi kujua pana kidonda.

"Ni kweli, Mzee," alisema, tena bila kungoja. "Kwenye wavu niliogopa kuwapotezea dagaa. Niliogopa na kuchekwa. Nipe safari moja. Kurwa akae karibu yangu. Nikiharibu, mwachie usukani, na kopo langu la maji nalijua lilipo."

Castory aliinuka kwenye gunia. "Safari moja," alisema.

*

Asubuhi ya safari Mwanaima alipakia magunia yake ya dagaa wa kuuza Sigunga, akakaa nayo katikati ya abiria. Kweli alikuwa na biashara, lakini hata kama asingekuwa nayo angepanda. Castory mwenyewe alikaa nyuma, mikono imekunjwa. Jua lilikuwa zuri, ziwa limetulia, na watu walikuwa na furaha ya kupanda kitu kipya.

Walikuwa wameshaacha nyuma nyumba za Ujiji, ufuko upo upande wa kushoto na maji matupu kulia, Amuri alipoinua mkono. Kurwa akazima injini. Boti ikaelea. Amuri aliinamisha kichwa, lile sikio zuri akaliweka upande wa maji, na Mwanaima akaujua mkao ule: ndivyo alivyokaa chumbani kwa Ella. Kilima kinapanda, aliwaza. Kinapanda.

Maji yalikuwa shwari. Kilichosikika ni mtoto mmoja akinyonya, basi.

"Upepo," Amuri alisema.

"Wapi?" Kurwa alinong'ona. "Kaka, mbona sisikii?"

"Sina hakika. Washa. Tunaingia pembeni."

Boti iligeuka ikaingia kwenye ghuba ndogo, wakafunga kamba kwenye jiwe. Wakakaa. Jua likawaka. Mama mmoja mwenye kapu la nyanya aliuliza kwani kuna nini, akaambiwa upepo, akatazama kushoto na kulia akachekea puani. Wakakaa. Nyanya zikapata joto. Wengine wakaanza kunung'unika kwamba wangeshafika mbali, na mzee mmoja akatamka kwa sauti jina ambalo Amuri alilikimbia maisha yake yote: "Tumepewa Redio leo!" Boti nzima ikacheka.

Mwanaima hakuthubutu kumtazama mumewe. Aliyatazama maji, akiyaomba yachafuke. Njoo basi, aliuambia upepo kimoyomoyo, njoo hata kidogo, njoo umtetee. Upepo haukuja. Hata unyasi wa ukingoni haukutikisika.

Mwishowe Amuri alisikiliza tena, akasema, "Twende." Wakaenda Sigunga polepole karibu na ufuko, wakashusha, watu wakauza, wakapakia, wakarudi salama na abiria wale wale, na njia nzima hakukuwa na wimbi la kumlowesha paka. Castory alikaa mikono imekunjwa kwenda na kurudi.

Walipogusa mchanga wa mwaloni, habari ilikuwa imeshafika kwa simu kabla yao. Watu walijipanga wakisubiri. "Redio! Redio!" vijana waliimba. Amuri alishuka wa mwisho, suruali imekunjwa, akasimama mbele yao. Mwanaima alijua atafanya nini: atanyamaza, atachukua kopo.

"Nani ana kiu?" Amuri aliuliza. "Leo nimeita upepo haukuja. Chai yangu. Na abiria wote waje, hata yule mzee wa Redio."

Zikalipuka kelele, maana chai ya bure haikataliwi. Muuza chai akaanza kupanga vikombe, na Kurwa alipouliza kwa nia njema kabisa, "Sasa kaka, upepo wenyewe ulikuwa wapi?" Amuri alimjibu hapo hapo, "Sijui, mdogo wangu. Nilihisi kama, nikabonyeza." Kurwa hakuelewa. Mwanaima alielewa, akageuka pembeni kuficha uso.

Mzee Castory alipokea kikombe chake kama wengine. Alikinywa chote akiwa amesimama, akiangalia watu wakiondoka na makapu yao, yule mama wa nyanya, yule aliyekuwa na mtoto wa kunyonya, wote wakavu. Kisha akatoa mfukoni ufunguo wa injini uliofungwa kwa kamba ya bluu, akamwekea Amuri kiganjani.

"Abiria wa kesho wanakusubiri wewe," alisema. "Na nikisikia mtu anakuita Redio ndani ya boti yangu, atafika Sigunga kwa miguu."

Amuri alikuwa ameshika ule ufunguo kwa mikono miwili. Muuza chai alikuwa ameshasogea, anasubiri malipo ya vikombe vya umati wote ule.

"Baba Shukrani," Mwanaima alisema taratibu, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

"Naam?"

Alikuwa ameitika papo hapo. Mwanaima alifungua fundo la kanga akailipa chai yote, na mkono wake haukusita hata kidogo.